Kupiga Windows kompyuta 40 kwa mtandao: inapokwama, angalia wapi kabla ya kununua seva kubwa

Wakuu, tangu Windows 10 ikatiwe sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 vyuo na shule nyingi ziko kwenye zoezi moja, maabara nzima inatakiwa ihamie Windows 11 na hakuna fundi anayetaka kuzunguka na flashi kompyuta moja moja, kwahiyo watu wanaweka seva ya WDS (ya Microsoft, inakaa kwenye Windows Server) au FOG (ya bure, inakaa kwenye Linux), kompyuta zinabuti kwa PXE, yaani zinawaka kupitia waya wa mtandao badala ya diski, na imeji (nakala nzima ya Windows iliyoandaliwa) inamwagwa kwa mtandao. Siku ya kwanza kwa kompyuta moja inaenda vizuri kabisa. Siku ya kuwasha zote 40 kila kitu kinatambaa, na sentensi ya kwanza inayosikika ofisini ni "hii seva ndogo, tununue kubwa".

Mimi naomba tusikimbilie hapo. Kwenye kazi hii seva haifikiri sana, inachofanya ni kusoma faili kwenye diski na kulisukuma kwenye waya. Kufungua imeji iliyobanwa kunafanywa na kompyuta inayopokea, si seva, na hata ukichukua imeji kutoka kwenye kompyuta ya mfano, kubana kunafanyika hukohuko kwenye kompyuta. Ndo maana unaweza kuta seva yenye CPU mbili za bei mbaya inamwaga polepole kuliko desktopu ya kawaida yenye SSD na kebo nzuri. Hela ya CPU ni hela ya mwisho kabisa kutoa. Kwahiyo tuanze na dalili, maana kila dalili inakuonyesha ni sehemu gani ya njia imebana.

Kompyuta haioni seva kabisa

Hapa usiguse bajeti, karibu kila mara si suala la nguvu ya seva. Soma kodi iliyo kwenye skrini. PXE-E61 maana yake kadi haioni waya, kebo imelegea au poti ya swichi imekufa. PXE-E51, au PXE-E16 kwenye mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta uliochukua nafasi ya BIOS), ni kwamba kompyuta imeita DHCP (huduma inayogawa anwani za IP) na hakuna aliyeitika.

Sababu moja ya E51 inayosumbua watu wengi ni STP (kinga ya swichi dhidi ya nyaya zilizojizungusha) kwenye swichi za kusanidiwa. Poti ikiwashwa swichi inakaa kama sekunde 30 ikihakikisha hakuna mzunguko kabla haijapitisha kitu, na PXE kwenye mashine nyingi haina uvumilivu huo, inaita mara chache alafu inakata tamaa. Ukiona kompyuta inakataa ukiiwasha lakini inakubali ukiweka swichi ndogo ya bei rahisi katikati, basi ndo hiyo. Washa portfast (poti ipitishe data papo hapo bila kusubiri) kwenye poti za kompyuta, basi.

Sababu nyingine ni anwani kuisha. Mtandao wa kawaida una anwani 254, alafu kompyuta moja inaweza kuchukua zaidi ya moja wakati wa zoezi, maana PXE inajitambulisha kivyake na Windows ikishawaka inajitambulisha kivyake, DHCP inaona ni watu wawili. Ukijumlisha na simu za wanafunzi zilizoshikilia anwani kwa siku nane (ndo muda wa kawaida wa DHCP ya Windows Server) saa nne asubuhi huna anwani hata moja. Punguza muda wa kushikilia uwe saa moja au mbili kwa kipindi cha zoezi.

PXE-E53: anwani imepatikana ila kompyuta haijaambiwa ichukue faili gani. Hapo angalia DHCP yako. Kama ni ruta ya Mikrotik, jaza next-server na boot-file-name kwenye sehemu ya network. Kumbuka mashine ya BIOS na ya UEFI hazili faili moja, kwa FOG BIOS inataka undionly.kpxe na UEFI inataka ipxe.efi, na ukiandika moja tu nusu ya maabara itakaa nje. Kwa WDS, kama iko seva moja na DHCP wote wawili wanagombania poti 67, kwahiyo iambie WDS isisikilize poti 67 na uweke option 60 (mpangilio wa DHCP unaomwambia mteja kuwa seva ya PXE iko hapohapo) yenye neno PXEClient. Kama ziko seva mbili tofauti, option 60 usiiweke kabisa, ukiiweka ndo unaharibu.

PXE-E32 ni TFTP (njia rahisi ya kubebea faili la kubutia) haijibu: faiawoli imefunga UDP 69, au huduma haijawaka, au umeandika IP isiyo ya seva.

Na kama mashine inapata faili alafu inalalamika kuhusu Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokataa faili la kubutia lisilosainiwa), hilo faili la kubutia halina sahihi inayotambulika. Izime Secure Boot wakati wa kumwaga, uirudishe ukimaliza. Vilevile ukichukua boot.wim (imeji ndogo ya kubutia) iliyomo kwenye diski ya Windows 11 ukaiweka moja kwa moja WDS itakukatalia, Microsoft waliifunga hiyo njia. WDS bado inabutisha vizuri tu lakini inabidi uipe imeji ya kubutia uliyoitengeneza mwenyewe. Seva ya aina yoyote duniani haitabadilisha hilo.

Inabuti, lakini faili la kwanza halimaliziki

Dalili: ule mstari wa kupakia faili unaenda nukta kwa nukta, dakika kumi, dakika kumi na tano, na ukiangalia seva imelala, CPU 2%, diski haifanyi kitu, mtandao hauna trafiki ya maana. Seva imelala na mteja anasubiri, sasa ukinunua kubwa zaidi si italala tu vilevile?

Tatizo ni TFTP yenyewe. Kwa asili yake inatuma kipande cha baiti 512, inasubiri mteja aseme nimepata, ndo itume kingine. boot.wim ya MB 500 ni karibu vipande milioni moja. Kama kwenda na kurudi ni milisekunde moja tu, hiyo ni dakika 16. Ukiongeza ukubwa wa kipande hadi 1456 unashuka chini ya dakika 6 na bado kinaingia kwenye pakiti moja ya kawaida ya 1500. Ukiruhusu seva itume vipande kadhaa kabla ya kusubiri jibu unashuka zaidi. WDS ina mpangilio wa hivyo vyote viwili, upande wa FOG wao TFTP inabeba kile kifaili kidogo cha iPXE tu (programu ya kubutia inayoendeleza kazi ya PXE), vitu vikubwa vinakuja kwa HTTP kwahiyo dalili hii huioni sana. Usipandishe kipande hadi elfu kumi na kitu ukidhani umeshinda, kuna kadi za zamani zitakugandia hapohapo.

Moja inakimbia, arobaini zinatambaa

Hapa ndo kwenye mambo yenyewe, na hapa ndo hela inapotea. Kabla ya yote fanya kitu kimoja: wakati zote zinamwagiwa, angalia ni MB ngapi kwa sekunde zinatoka kwenye kadi ya seva. Namba hiyo moja itakuambia karibu kila kitu.

Na uisome kwenye seva, usiisome kwenye skrini ya kompyuta. Partclone inayotumika na FOG inaonyesha spidi kwa GB kwa dakika na inahesabu data ikiwa imeshafunguliwa. Unaweza ona 10GB kwa dakika ukashangaa, maana waya wa gigabiti unaishia kama 6.6. Hakuna muujiza, iliyopita kwenye waya ni ile iliyobanwa.

Sasa namba za kadi. Ikiwa jumla ni karibu MB 110, kadi ya gigabiti imejaa, seva yako imefanya kazi yake yote. Hiyo ni habari njema kwa kweli, diski na RAM zinatosha. Ikiwa jumla ni kama MB 11 na haipandi hata ukiongeza kompyuta, kuna mahali pameshuka hadi megabiti 100. Ikiwa ni kitu cha katikati, MB 30, mara 55, mara 25, inayumba yumba, ni diski.

Tuanze na hiyo ya 11 maana inauma. Chukua imeji ya GB 20 kwa kompyuta 40, hiyo ni GB 800 zinatakiwa zitoke kwenye seva. Kwa MB 110 ni masaa mawili. Kwa MB 11 ni masaa 20. Tofauti yote hiyo inaweza kuwa kichwa kimoja cha kebo. Gigabiti inatumia nyaya zote nane, megabiti 100 inatumia nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Fundi akikrimpu vibaya waya mmoja kati ya zile nne nyingine hutaona kitu kimezimika, taa inawaka, intaneti inafunguka, kila mtu anafurahi, ila kadi imeshuka kimyakimya. Kuna maabara unafungua kifuniko cha ukutani unakuta kebo moja imegawanywa, jozi mbili zimeenda kompyuta hii, jozi mbili ile, ili kuokoa waya. Kwa kuangalia barua pepe ilitosha kabisa, kwa kumwaga imeji haitoshi hata siku moja. Kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi, kama umeandikiwa Speed: 100Mb/s badilisha kebo ya seva kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote. Alafu pima na iperf3 (programu ya kupima spidi ya mtandao) kati ya seva na kompyuta chache za safu tofauti, ukipata megabiti 940 hivi kwa sekunde uko sawa.

Angalia na jinsi swichi zilivyoungana. Kama una swichi mbili za poti 24 na seva iko ofisini kwenye swichi ya tatu, maabara nzima inapita kwenye waya mmoja wa kuunganisha. Hamisha seva ikae kwenye swichi ya maabara, hata kwa siku hiyo tu. Na kama seva iko VLAN nyingine (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile), hizo GB 800 zote zinapita kwenye ruta, na ruta ndogo za ofisi hazikutengenezwa kwa mzigo huo, utaona CPU ya ruta imegonga 100% huku seva inapumua.

Sasa ile ya kuyumba. Diski ya kuzunguka ya 7200 ikisoma faili moja mfululizo inatoa MB 150 au zaidi, mtu anapima hivyo anasema diski haina tatizo. Lakini kompyuta 40 zilizoanza kwa muda tofauti ni wasomaji 40 kwenye sehemu 40 tofauti, kichwa cha diski kinaruka huku na huku na muda mwingi kinasafiri badala ya kusoma. Fungua iostat -x, ukiona %util (muda diski iko bize) imekaa karibu na 100 na r_await (muda wa kusubiri kusoma) inapanda huku MB ni chache, umeshampata. Kwenye Windows Server ni Resource Monitor, upande wa diski, angalia foleni.

Dawa ya kwanza hapa si SSD, ni RAM. Seva yenye GB 32 na imeji ya GB 20, ikishaisoma mara moja inabaki kwenye kache na wanaofuata hawagusi diski kabisa. Kwenye Linux unaweza hata kuipasha moto kabla, cat faili zote za imeji uzielekeze /dev/null, alafu free -h itakuonyesha buff/cache imepanda, ndo uwashe maabara. Kama seva ina GB 8 na imeji ni 20, kache inafuta mwanzo ili isome mwisho, haikusaidii. Dawa ya pili ndo SSD, hata ya SATA inayotoa kama MB 500 inaijaza kadi ya gigabiti mara nne na haijali wasomaji wako sehemu ngapi.

Kwa FOG kuna jambo linawatisha watu bure: kompyuta ya 11 inakaa kwenye foleni inasubiri. Haijakwama. Max Clients kwenye storage node (seva ya FOG inayohifadhi imeji) kwa kawaida ni 10. Watu wanaipandisha hadi 40 hapohapo, na kama uko kwenye diski ya kuzunguka umejiongezea maumivu, kumi kumi zitamaliza mapema kuliko arobaini kwa mpigo. Ipandishe ukishakuwa na SSD au imeji ikiwa ndani ya RAM.

Basi mhasibu akikuuliza, "Sasa fundi, hizi hela zitatusaidia nini?", unakuwa na namba ya kumjibu. Kwa maabara ya 40 mimi ningeomba hivi: kompyuta yenye kori nne tu, hata ya mtumba iliyo nzima, RAM GB 32, SSD mbili za TB 1 zikiwa RAID 1 (kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili), na hela inayobaki yote iende kwenye swichi ya kusanidiwa na kebo. Kama jumla yako imegonga MB 110 na bado unataka haraka, hapo sasa kadi ya 10 gigabiti ina maana, lakini iwapo tu swichi ina poti ya SFP+ ya kuipokea. Kuunganisha kadi mbili kwa LACP nako kunasaidia kompyuta zikiwa nyingi kwa sababu zinagawanywa huku na huku, ila kompyuta moja peke yake haitapita spidi ya waya mmoja. Tanki likiwa kubwa na bomba dogo, maji hayaongezeki.

Multikasti imewashwa na Wi-Fi ya jengo zima imekufa

Multikasti kwa kazi hii ni tamu sana kwa sababu seva inatuma zile GB 20 mara moja tu na wote 40 wanachota hapohapo, huhitaji kadi ya ajabu wala diski ya ajabu. Lakini ina masharti yake kwenye swichi. Swichi isiyojua IGMP snooping (kupeleka multikasti kwenye poti zilizoiomba tu) inaimwaga hiyo trafiki kwenye kila poti, printa, simu za mezani, akses pointi, na akses pointi zinavyotuma multikasti hewani ni kwa spidi ya chini, kwahiyo Wi-Fi inakaba mpaka zoezi liishe. Washa IGMP snooping na uhakikishe kuna kifaa kimoja kinachofanya kazi ya querier (kuuliza kila mara nani bado anahitaji mkondo), bila hivyo unaweza kuta inaanza vizuri alafu baada ya dakika chache kompyuta zinadondoka moja moja. Kama swichi yako haina kitu hicho, chomoa ule waya unaoiunganisha maabara na jengo, kaa na seva na DHCP yako ndani ya maabara mpaka umalize.

Dalili nyingine ni wote kwenda polepole kwa usawa kabisa. Multikasti inatembea kwa mwendo wa aliye nyuma zaidi. Kompyuta moja yenye kebo mbovu au diski inayokufa inawashikilia wenzake 39. Itafute, itoe, utaona wengine wanaruka. WDS inaweza kugawa wateja kwa spidi tofauti au kumtoa mzembe yenyewe, kwa FOG hiyo kazi ni ya macho yako. Na LACP hapa haisaidii chochote, mkondo ni mmoja.

Inakata katikati

Andika asilimia ilipokatia na ni kompyuta ipi. Kama kompyuta tofauti zinakata palepale, mfano zote 63%, tatizo liko kwenye faili la imeji au diski ya seva chini yake. Endesha smartctl -a uangalie Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, hiyo ya pili ikiwa si sifuri usiiamini diski hiyo tena. Kama ni kompyuta ileile kila mara, ni diski au RAM yake yenyewe, seva iache. Kama zinakata ovyo, leo hii kesho ile, asilimia yoyote, shuku RAM ya seva, ipime na Memtest86+ usiku mzima, alafu shuku umeme na joto. Seva ikiwekwa kwenye kabati la mbao ofisini, feni zimejaa vumbi, inaweza kupiga kazi nyepesi mwaka mzima na ikajizima siku ya mzigo.

Kwenye umeme kuna kosa moja naliona sana: UPS imewekwa kwenye seva, swichi imechomekwa ukutani. Umeme ukicheza sekunde moja seva ipo hai, swichi imewaka upya, na kompyuta zote zimepoteza mkondo. Swichi ndo ya kwanza kuingia kwenye UPS. Na unaponunua usome wati, si VA peke yake, UPS ya 1500VA mara nyingi inabeba wati 900 hivi.

Umechukua imeji, imefika 100%, haionekani

Nafasi. Imeji mpya inaandikwa kabla ya ile ya zamani kufutwa, kwahiyo unahitaji chumba cha mbili kwa wakati mmoja. Kwenye FOG inashuka kwanza /images/dev kwenye folda yenye jina la MAC ya kompyuta (namba ya kadi yake ya mtandao), alafu ndo inahamishiwa /images, na kuhama kunatumia FTP kwa akaunti ya fogproject. Mtu akibadilisha paswedi ya akaunti hiyo akidhani anaimarisha ulinzi, kila imeji itabaki dev mpaka diski ijae. Fungua df -h, chungulia dev, rudisha paswedi zifanane kwenye storage node na kwenye mipangilio ya FOG. Kwa WDS folda ya RemoteInstall iweke kwenye diski yake ya NTFS, usiiache kwenye C:, maana C: ikijaa huduma zote za seva zinaanguka pamoja, DHCP ikiwemo. Na hizo SSD mbili za RAID 1 zinakulinda diski moja ikifa, hazikulindi mtu akifuta imeji kwa bahati mbaya, kwahiyo nakala moja iwe kwenye diski ya nje iliyochomolewa.